Milimita Moja kwa Siku

Mwalimu Eteri aliingia na boksi la dominosi za mumewe,
akazisimamisha moja moja juu ya meza ndefu ya maabara
kuanzia dirishani, ambako theluji ya Chiatura
hugeuka nyeusi kwa vumbi la manganizi kabla haijatua.
Akaigusa ya kwanza. Tarararara, hadi ukingoni.
"Hiyo ndiyo neva," akasema.
"Habari haisafiri kama maji bombani.
Kila mmoja humwangusha jirani yake, basi."

Nestani, ambaye hakuna asilolipinga, akanyoosha mkono:
"Lakini zimelala, mwalimu. Na nikijichoma tena sasa hivi?"
Mwalimu akacheka, akaanza kuzisimamisha upya.
Neva, alisema, hujisimamisha yenyewe:
sodiamu huingia mbio, potasiamu hutoka,
na wapo mabawabu wasiolala
wanaomrudisha kila mgeni kwao.
Kabla hujamaliza kusema "aa!"
mstari wote umesimama tena, unangoja.

Kisha akatuita dirishani.
Vigari vya waya vilikuwa vikipanda kwenda mgodini.
"Mnaona kigari kinavyokwenda nguzo kwa nguzo,
bonde lote kimelisamehe?
Neva zenye haraka zimevikwa ala ya mafuta,
na habari huruka kutoka pengo hadi pengo.
Mita mia kwa sekunde."

Tukashikana mikono, wanafunzi ishirini na watatu,
macho tumefumba. Aliyebanwa, abane.
Mimi nilikuwa wa mwisho, nikapayuka "tayari!"
Sekunde tano na nusu.
Tukaona haya, lakini yeye akatikisa kichwa:
"Njiani hamkuchelewa. Mmechelewa vituoni,
habari ikishuka, ikiuliza, ikipanda tena."

Nilingoja kengele ilie, wenzangu watoke.
"Na ikikatika?"

Alijua. Mji wetu ni mdogo,
na mashine iliyomkata baba chini ya kiwiko
ilisimama kwa saa tatu tu.
Hakunipa pole. Alichukua rula.
"Ikishonwa vizuri, huota tena.
Milimita moja kwa siku, mtu akiwa na bahati."

Mita mia kwa sekunde. Milimita moja kwa siku.
Nilizibeba hesabu hizo mbili hadi nyumbani
kama ndoo mbili, moja imejaa, moja tupu,
bega moja likivuta kuliko jingine.

Tangu hapo, kila jioni baada ya kula,
baba huulaza mkono juu ya kitambaa cha meza.
Nagonga kwa kitako cha penseli,
naanza kwenye kovu, nashuka.
"Hapo?"
"Sisimizi."
"Hapo?"
"Sisimizi, lakini wachache."
"Hapo?"
Kimya.
Nairudia ile ya mwisho yenye sisimizi,
naweka nukta kwa kalamu ya bluu.
Akioga hufutika, kwa hiyo naiandika pia daftarini,
ukurasa wa nyuma, ambao mwalimu hausahihishi.

Mama anasema tunacheza.
Wiki iliyopita baba alilishika birika lililotoka jikoni,
akaendelea kusimulia habari za mpira,
mpaka mama alipopiga kelele kwa niaba yake.
Lengelenge lilitoka kubwa kama zabibu.
Hakuuma meno, hakukunja uso.
Aliliangalia tu, kama mtu aliyepewa barua
iliyoandikwa kwa jina la mwingine.

Leo ni siku ya mia moja na kumi na sita.
Nukta iko vidole vinne juu ya kifundo cha mkono.
Kuna siku haikusogea kabisa, nikaiongopea;
usiku nikaamka, nikafuta.

"Bado ngapi mpaka ncha ya kidole?" anauliza.
Napima mara mbili.
"Mia mbili na sabini."
Anahesabu miezi kwa vidole vya mkono mzima.
"Basi karibu na Krismasi," anasema.
"Siku hiyo uking'ate. Nataka nipige kelele mwenyewe."

Kisha ananituma nikalale,
naye anazima taa kwa mkono wa kushoto.